Kuomba West Point au Annapolis: chuo cha akiba huchaguliwaje?

KILA mwaka, majira ya baridi yanapoanza kulegea, maelfu ya wanafunzi wanaokaribia mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani hufungua fomu za kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya kijeshi vya nchi hiyo. Miongoni mwao hawakosekani watoto wa familia zetu: Wakenya waliolowea Minnesota na Texas, Watanzania wa Maryland, na Wakongomani waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kupewa makazi ng'ambo.

Mzazi wa kijana wa namna hiyo anapopiga simu nyumbani, habari anayoisimulia kwa fahari huwa ni ya chuo kimoja tu. Mtoto ameomba West Point. Ukimuuliza ameomba wapi kwingine, jibu huja kwa kusitasita, kana kwamba kutaja chuo cha pili ni kumtabiria mtoto mkosi.

Hesabu, hata hivyo, haina huruma. Chuo cha West Point hupokea wanafunzi wapya takriban 1,200 kwa mwaka, na kile cha Annapolis idadi inayokaribiana na hiyo, ilhali kila kimoja hupata waombaji zaidi ya 10,000 katika mwaka wa kawaida. Wengi wa wanaokosa ni wanafunzi hodari, manahodha wa timu na vinara wa hisabati, ambao chuo kingine chochote kingewafurahia. Wanaoumia zaidi ni wale ambao barua ya kukataliwa huwafikia mwezi wa Aprili wakiwa hawana pengine pa kwenda, au wakiwa na orodha ya vyuo ambavyo vyote vilitegemea cheti kilekile cha daktari. Kosa hili la pili halizungumzwi sana, na ndilo hasa lililosababisha makala haya kuandikwa.

Kwanza tuvitaje vyuo vyenyewe. Vipo vitano. Cha nchi kavu kiko West Point, jimboni New York, kando ya mto Hudson, na kilianzishwa mwaka 1802. Cha wanamaji kiko Annapolis, Maryland, tangu mwaka 1845. Cha Jeshi la Anga kilianzishwa mwaka 1954 na kiko karibu na mji wa Colorado Springs. Cha Walinzi wa Pwani, kilichoanza mwaka 1876, kiko New London, Connecticut, nacho ni kidogo kuliko hivyo vitatu. Cha tano ni cha maofisa wa meli za biashara, kilichofunguliwa Kings Point, New York, mwaka 1943.

Masomo ni ya miaka minne na mhitimu hutoka na shahada. Katika vinne vya kwanza serikali hulipa ada, malazi na chakula, na juu ya hayo mwanafunzi hupewa posho ya kila mwezi. Malipo yake ni utumishi: mhitimu wa West Point, Annapolis au Jeshi la Anga hudaiwa angalau miaka mitano ya kazi akiwa ofisa, na marubani hudaiwa zaidi.

Kuingia huko hakufanani na kuingia chuo kikuu cha kawaida. Isipokuwa kwa Walinzi wa Pwani, mwombaji hana budi kupendekezwa, na wapendekezaji wakuu ni maseneta wawili wa jimbo lake, mbunge wa eneo lake katika Baraza la Wawakilishi, na Makamu wa Rais. Aidha hupimwa nguvu za mwili kwa mtihani wenye vipengele sita, kuanzia kurusha mpira wa kikapu akiwa amepiga magoti hadi kukimbia maili moja. Hukaguliwa alama zake za darasani na uongozi wake nje ya darasa. Kisha hupitia kwa madaktari. Anaweza kufaulu yote isipokuwa moja, na hilo moja likatosha kumrudisha nyumbani.

Kipi hasa anachokitaka?

Kabla ya kuandika jina la chuo cha akiba hata kimoja, mzazi na mtoto wanapaswa kuketi na kujibu swali linaloonekana jepesi: kijana anataka kuwa ofisa wa jeshi, au anataka kusoma katika chuo kile? Haya ni mambo mawili tofauti. Anayetaka uofisa ana njia tatu au nne za kuufikia, na vyuo vya kijeshi ni mojawapo tu. Anayependa jina, majengo ya mawe na gwaride la Jumamosi hana njia nyingine, na akikosa hana budi kuomba tena mwaka unaofuata au kubadili ndoto.

Historia ya jeshi la Marekani imejaa watu waliofika kwa mlango usiotarajiwa. Dwight Eisenhower alitamani kwenda Annapolis, lakini umri ulikuwa umemtupa, akaishia West Point na kuhitimu mwaka 1915. George Patton alisoma mwaka mmojamzima katika chuo cha Virginia Military Institute kabla ya West Point kumpokea mwaka 1904, na alihitimu mwaka 1909. George Marshall, aliyeliongoza jeshi la nchi kavu katika Vita Kuu ya Pili, hakupita West Point kabisa. Alihitimu katika chuo hichohicho cha Virginia mwaka 1901.

Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alisoma City College ya jijini New York, akajiunga na mafunzo ya uofisa chuoni hapo na kupata cheo chake cha kwanza mwaka 1958. Mwaka 1989 aliteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, wadhifa wa juu kuliko wote kwa askari wa nchi hiyo. Mark Milley, aliyeushika wadhifa huo kuanzia mwaka 2019, alitoka Princeton. Charles Brown, aliyemfuata mwaka 2023, alitoka Texas Tech. Mzazi anayedhani kwamba mwanawe akikosa West Point hatakuwa jenerali, basi, amepotoshwa.

Njia waliyopita watatu hao wa mwisho ni mpango wa mafunzo ya maofisa wa akiba, unaojulikana kwa kifupi cha ROTC, ulioasisiwa kwa sheria ya mwaka 1916. Mwanafunzi husoma shahada anayoitaka katika chuo kikuu cha kiraia, na sambamba na masomo hayo huhudhuria madarasa ya kijeshi, mazoezi ya alfajiri na kambi za likizo. Akihitimu hupewa cheo kilekile anachopewa mhitimu wa West Point, yaani luteni usu kwa jeshi la nchi kavu.

Mpango huo una ufadhili wake, ambao huombwa mbali na maombi ya chuo. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kupewa ufadhili wa ROTC si kupokewa chuoni, na kupokewa chuoni si kupewa ufadhili. Vyote viwili lazima vipatikane, na vikutane mahali pamoja. Kijana aliyeshinda ufadhili wa kutumika katika chuo ambacho kimemkataa hulazimika kuomba uhamishwe, na jibu linaweza kuwa hapana. Ni busara basi vyuo anavyoviorodhesha katika fomu ya ufadhili viwe vilevile anavyoviomba, na angalau kimoja au viwili viwe vya uhakika wa kumpokea.

Tena, si kila chuo chenye jina kina kikosi chake. Wanafunzi wa Harvard, kwa mfano, hufanya mafunzo yao pamoja na wenzao wa MIT, mwendo mfupi kutoka kwao. Utaratibu huu wa chuo kimoja kuazima kikosi cha jirani ni wa kawaida, lakini ni vema kujua mapema kama jirani huyo yuko umbali wa kutembea au wa saa nzima ya basi saa kumi na moja alfajiri.

Jambo jingine la kumtuliza mzazi: aliyepewa ufadhili wa miaka minne anaweza kujitoa katika mwaka wa kwanza bila kudaiwa. Na asiyepewa ufadhili anaweza kujiunga na kikosi bila malipo akifika chuoni, kisha akashindania ufadhili akiwa hapohapo.

Kwa kijana anayetaka maisha ya gwaride na sare tangu siku ya kwanza, viko vyuo sita ambavyo sheria ya Marekani inavitambua kama vyuo vikuu vya kijeshi visivyo vya serikali kuu: Norwich, jimboni Vermont, kilichoanzishwa mwaka 1819; Virginia Military Institute na The Citadel cha Charleston, Carolina Kusini; Virginia Tech; Texas A&M; na Chuo Kikuu cha North Georgia. Havifanani. Katika vile viwili vya Virginia Military Institute na The Citadel, wanafunzi wa shahada ya kwanza wa mchana huishi kambini na mwaka wa kwanza ni mgumu kwa makusudi. Texas A&M na Virginia Tech ni vyuo vikubwa vya kiraia vyenye kikosi cha makadeti ndani yake, hivyo anayeona sare imemchosha anaweza kuivua na kuendelea na uhandisi wake palepale. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosomeka katika vipeperushi. Kijana wa miaka 18 hubadilika, na chuo ambacho kubadili nia hakumfukuzishi kina thamani yake.

Aliyelenga Kings Point ana akiba yake ya pekee: vyuo vya majimbo vya maofisa wa meli, kama vile vya Maine, Massachusetts na New York, ambavyo hutoa leseni za unahodha na uhandisi wa meli.

Milango mingi, komeo moja

Sasa tuje kwenye cheti cha daktari. Waombaji wa vyuo vya kijeshi na waombaji wa ufadhili wa ROTC hupimwa na bodi moja ya uchunguzi wa afya, ijulikanayo kwa kifupi cha DoDMERB, kwa viwango vinavyolingana. Bodi hiyo haiangalii kama kijana anaonekana mzima. Inaangalia kama katika historia yake limo jambo lililotajwa katika orodha ya vizuizi.

Orodha hiyo ni ndefu na baadhi ya mambo yaliyomo huwashangaza wazazi. Pumu iliyogunduliwa au kutibiwa baada ya kutimiza miaka 13 imo. Mzio mkali wa chakula, kama ule wa karanga unaoweza kumziba mtu pumzi, nao umo. Kwa Annapolis, kutotofautisha rangi ni kikwazo kikubwa, kwa kuwa ofisa wa zamu baharini husoma taa nyekundu na za kijani. Kijana anayekimbia maili moja kwa dakika sita anaweza kukutwa na kizuizi kwa sababu ya kifaa cha kuvuta dawa alichoandikiwa na daktari wa mtaani akiwa na miaka 14, pengine kwa kikohozi tu.

Msamaha wa kiafya upo. Bodi ikisema mwombaji hafai, kila chuo na kila tawi la ROTC huamua lenyewe kama litamsamehe, na si ajabu tawi moja likamsamehe huku jingine likikataa. Lakini msamaha huchukua miezi, hauombwi kama haki, na mara nyingi hautolewi mpaka chuo kiwe kimeonyesha nia ya kumchukua kijana huyo.

Tazama basi orodha ya akiba ambayo wengi huiandaa: West Point, kisha Annapolis, kisha chuo kikuu ghali chenye ufadhili wa ROTC, kisha chuo cha kijeshi chenye ufadhili huohuo. Inaonekana kama milango minne. Kwa kweli ni milango minne yenye komeo moja, na komeo hilo likiganda, yote hubaki imefungwa siku moja.

Kwa sababu hiyo, orodha ya kweli ya akiba lazima iwe na angalau chuo kimoja ambacho kijana angekwenda, angelipiwa na angeridhika hata kama hatavaa sare maishani mwake. Chuo hicho hakihitaji kuwa cha fahari. Kinahitaji mambo matatu: kimpokee bila shaka, kiwe na somo analolipenda, na familia iweze kukimudu bila senti moja ya jeshi. Kwa familia nyingi za wahamiaji hicho ni chuo kikuu cha jimbo wanakoishi, ambacho wakazi hutozwa ada nafuu. Wengine hukidharau kwa kuwa kiko karibu na nyumbani, na mimi sijapata kuelewa kwa nini ukaribu uwe aibu.

Wala kukosa kikosi cha ROTC chuoni hapo hakumalizi habari. Baada ya shahada, mhitimu wa chuo chochote anaweza kuomba kozi za maofisa wanaoingia wakiwa na digrii, ambazo majeshi yote huziendesha kwa wiki kadhaa. Ushindani wake hupanda na kushuka kulingana na mahitaji ya jeshi, lakini mlango huo upo.

Suala la fedha

Vyuo vya kijeshi havitozi ada ya maombi, na anayepokelewa halipi ada ya masomo. Ni rahisi basi familia kujisahau na kutofanya hesabu ya vyuo vingine mpaka wakati umepita. Vyuo binafsi vya daraja la juu hivi sasa hutoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, malazi na chakula. Ufadhili wa ROTC wa jeshi la nchi kavu humwezesha mwanafunzi kuchagua kulipiwa ada au kulipiwa malazi na chakula, si vyote viwili. Baadhi ya vyuo hujazia upande uliobaki ili kuwavutia washindi, vingine havijazii. Jeshi la Anga lina aina kadhaa za ufadhili, nyingine zikiwa na kikomo. Swali la kuuliza ofisi ya udahili ni moja: mshindi wa ufadhili huu hulipa nini kutoka mfukoni mwake? Jibu na lije kwa maandishi.

Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha, FAFSA, hujazwa hata kama mtoto anaamini ataingia West Point. Kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Oktoba. Aidha, tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani imekitaka kila chuo kinachopokea fedha za misaada ya serikali kuu kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi, ambapo familia huingiza kipato chake na kupata makadirio ya itakacholipa. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na huokoa machozi ya mwezi wa Aprili.

Kalenda na mtego wake

Maombi ya vyuo vya kijeshi huanza mapema kuliko mengine, majira ya kuchipua au kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Ofisi za wabunge na maseneta hufunga maombi ya mapendekezo kati ya Septemba na Novemba, kila moja kwa tarehe yake, na mwombaji anashauriwa kuomba kwa wote anaostahili kuwaomba. Mapendekezo hufikishwa vyuoni kabla ya Januari 31.

Katikati ya kipindi hicho mwombaji huitwa kwenye usaili mbele ya jopo la watu wa eneo lake walioteuliwa na mbunge. Swali moja hurudiwa mno huko: ukikosa, utafanya nini? Kijana anayejibu kwamba hajafikiria huacha picha mbaya. Anayejibu kwamba ameomba ROTC katika vyuo viwili na kwamba ataomba tena mwakani, huwa ameonyesha kuwa anautaka utumishi wenyewe. Orodha ya akiba, kumbe, humsaidia hata katika ombi lake la kwanza.

Mtego uko mwezi wa Novemba. Vyuo vingi binafsi vina utaratibu wa maombi ya mapema yenye kumfunga mwombaji: mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule hutia saini kwamba akipokelewa ataingia na kuondoa maombi mengine yote. Nafasi ya kupokelewa kwa njia hiyo mara nyingi ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu huvutia. Lakini jibu la chuo hicho huja Desemba, ilhali West Point au Annapolis wanaweza kujibu Machi au Aprili. Anayesaini mkataba huo huku akisubiri jibu la jeshi amejifunga kwa maneno mawili yanayopingana. Kama chuo cha kijeshi ndicho chaguo la kwanza, asisaini.

Uko utaratibu mwingine wa mapema usiomfunga mtu, na viko vyuo vya majimbo vinavyojibu maombi kadiri yanavyoingia. Hivyo ndivyo vya kuombwa Septemba na Oktoba. Kijana mwenye barua moja ya kupokelewa mkononi kabla ya Krismasi husubiri jibu la jeshi kwa moyo uliotulia, na huonekana hata kwenye usaili kwamba hana hofu.

Tarehe iliyozoeleka ya kuvijibu vyuo vya kiraia ni Mei 1, na kuthibitisha nafasi hudai malipo kidogo ambayo kwa kawaida hayarudishwi. Ikiwa msamaha wa kiafya haujatoka hadi siku hiyo, lipa. Familia nyingine huona ni fedha iliyotupwa. Ni bima, na ya bei ndogo kuliko bima nyingine yoyote ya mwaka huo. Jibu la jeshi likija baadaye na likawa la heri, kijana akiandikie chuo cha akiba mara moja ili nafasi yake apewe mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri. Anaweza pia kuuliza kama chuo hicho kitamhifadhia nafasi kwa mwaka mmoja. Wapo wanaogundua katika kiangazi cha kwanza, baada ya wiki chache za mafunzo ya awali, kwamba maisha yale si yao. Mwanafunzi anayeondoka kabla ya kuanza madarasa ya mwaka wa tatu kwa kawaida hadaiwi utumishi, na ni afadhali arudi akiwa na mahali pa kwenda.

Kuomba mara ya pili

Kuomba tena si aibu, na vyuo vyenyewe huwahimiza waliokaribia. Baadhi ya waliokosa hupewa nafasi katika shule za maandalizi za majeshi, kwa mfano ile ya wanamaji iliyoko Newport, Rhode Island. Mtu haombi shule hizo moja kwa moja. Chuo ndicho kinachomchagua kutoka miongoni mwa waombaji wake. Kijana akipewa nafasi hiyo asiione kuwa ni kukataliwa kwa upole, maana ni dalili kwamba anatakiwa.

Anayekwenda chuo cha kiraia akiwa na nia ya kuomba tena achague masomo ya mwaka wa kwanza yanayofanana na ya kule anakotaka kwenda: hisabati ya kalkulasi, kemia na uandishi wa Kiingereza. Alama nzuri katika masomo hayo huzungumza kuliko barua kumi za sifa. Akiwa katika ROTC hupata pia mlango mwingine wa mapendekezo, kwa sababu vikosi hivyo vina nafasi zake za kupendekeza. Ajue tu kwamba akipokelewa ataanza upya mwaka wa kwanza na kusoma miaka yote minne, hata kama ana alama za masomo za kutosha kumrusha darasa. Patton naye alianza upya.

Uraia

Nimeliacha hili mwisho, ingawa kwa familia zetu huenda ndilo la kwanza. Anayeingia chuo cha kijeshi lazima awe raia wa Marekani siku anayoripoti, awe ametimiza miaka 17, asiwe na ndoa wala mtu anayemtegemea kisheria. Ufadhili wa ROTC nao hudai uraia. Kadi ya ukaazi wa kudumu inatosha kumfanya mtu askari wa kawaida, lakini haimfanyi ofisa.

Kwa mujibu wa sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye kadi ya ukaazi na anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi ambaye amekuwa raia, huwa raia moja kwa moja bila kula kiapo. Wapo vijana ambao ni raia kwa miaka kadhaa bila kujua, kwa kuwa baba au mama alipoapishwa hakuna aliyewaambia. Kinachotakiwa kwao ni kuomba pasipoti au cheti cha uraia mapema, kabla ya fomu nyingine yoyote. Na mzazi anayestahili kuomba uraia lakini amekuwa akiahirisha, huku mwanawe akikaribia miaka 18, ajue kwamba siku hiyo ya kuzaliwa ikishapita mtoto atalazimika kuomba mwenyewe.

Ambaye bado hajawa raia ana njia nyingine, ndefu lakini halali: kujiunga na jeshi kama askari, kupata uraia akiwa kazini, kisha kuomba chuo kutokea huko, kwa kuwa vyuo vya kijeshi hutenga nafasi kwa askari walio kazini.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, utaratibu ni tofauti kabisa. Sheria ya Marekani inaruhusu wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja katika kila kimoja cha vyuo vitatu vikubwa. Hao huteuliwa na serikali za nchi zao baada ya Marekani kuzialika, na wakihitimu hurudi kuyatumikia majeshi ya kwao. Maulizo yote huanzia katika wizara ya ulinzi ya nchi husika, si kwenye fomu ya intaneti.